Tulimfundisha Simu, Hatukumfundisha Njia

Swichibodi, ule mtambo wa kuunganishia simu, ya kwanza ya kweli ambayo Kabula aliigusa maishani mwake ilikuwa imelaliwa na kuku. Ilitupwa nyuma ya ofisi ya simu pale Bariadi, chini ya kipande cha bati, pamoja na viti vilivyovunjika miguu. Kuku yule alikuwa anaatamia. Kabula alikuwa amejifunza kazi ya opereta kwa miaka miwili, na aliyemfundisha ni mimi.

Tulikuwa tumekwenda kuomba kazi. Fundi wa simu aliyetupokea alikuwa mtu mpole, akatusikiliza hadi mwisho.

"Opereta wa nini, mwalimu?" akauliza. "Siku hizi mtu anazungusha namba mwenyewe. Opereta wetu wa mwisho amepunguzwa. Yule pale nje anauza vitunguu."

Kabula akaomba aguse mashine. Fundi akamfukuza kuku, na kuku akagoma kwanza. Kabula akapapasa matundu, safu kwa safu, akiwa ametulia kama mtu anayesoma barua. Kisha akasema, "Mwalimu, hii ina safu moja zaidi ya ile yetu."

Ninyi walimu vijana mnaoanza kazi ya kufundisha wanafunzi wasioona, ninaandika haya kwa kuwa nimechoka. Nimechoka kualikwa kwenye mikutano ya kuwaandaa wanafunzi wasioona kwa ajira, ambako wanazungumza wenye macho tangu asubuhi hadi chakula cha mchana, wasioona wanapigwa picha wakipokea fimbo nyeupe, na wote tunaondoka. Nimekaa katika kazi hii hadi kustaafu. Makosa mnayoyafanya nayajua vizuri, kwa kuwa karibu yote niliyafanya mimi kabla yenu.

Wakati huo mkoa wa Simiyu haujazaliwa, tulikuwa chini ya Shinyanga. Ilikuwa ile miaka ya soko huria, kila kitu ruksa. Chama cha ushirika, kilichokuwa kikinunua pamba peke yake tangu tupate akili, sasa kilipambana na makampuni binafsi. Mashirika yalikuwa yanapunguza watu. Katikati ya kimbunga hicho, shuleni kwetu kitengo cha wasioona kilikuwa kinaendesha mafunzo kwa mpango wa zamani: msichana au mvulana asiyeona akimaliza shule atakuwa opereta wa simu katika ofisi ya serikali au shirika. Mpango huo uliandikwa wakati mashirika yalikuwepo. Hakuna aliyekuja kutuambia umekufa, nasi hatukwenda kuuliza.

Hatukuwa na swichibodi. Nikamwendea fundi seremala wa mtaa wa Somanda, akanichongea ubao wenye matundu. Plagi tulitengeneza kwa misumari na kamba za viatu, na kengele tuliitoa kwenye baiskeli yangu. Nikipiga kengele, Kabula anachomeka, anasema kwa sauti nzuri, "Bariadi, nikusaidie?" Alikuwa bora kuliko wote niliowafundisha. Namba akiisikia mara moja haimtoki. Taipureta aliipiga bila kosa, na nukta nundu alisoma kwa kasi kuliko mimi ninavyosoma gazeti. Nilijivunia ubao ule. Wageni wakija niliwaonyesha.

Mtu pekee ambaye hakuusifu ni Mwalimu Nkwabi, mkuu wa kitengo chetu. Yeye mwenyewe alikuwa haoni tangu utotoni. Siku yangu ya kwanza kazini nilimkamata mkono nikamvuta kumvusha mtaro. Akasimama katikati ya mtaro.

"Mwalimu," akasema, "mimi si ndama. Nipe kiwiko chako nikishike mimi, halafu tembea zako."

Ndivyo inavyofanyika hata leo, nanyi mnaovuta wanafunzi kwa mikono yao mnasikia. Mwenye kushika ndiye asiyeona. Unapopanda, kiwiko kinapanda, naye anajua. Huna haja ya kupiga kelele "ngazi! ngazi!" kama mpiga debe.

Nkwabi aliusikiliza ubao wangu ukilia kengele, akasema, "Kengele nzuri. Sasa mwambie aende sokoni akanunue sindano, peke yake, arudi."

Nikasema atapotea.

"Basi umekwisha kunijibu," akasema, akaondoka.

Nilikasirika. Nilidhani ananionea wivu. Kwa hiyo sikumtuma sokoni.

Baba yake Kabula, Mzee Sita, alikuwa mkulima wa pamba na mfugaji upande wa Lagangabilili. Ndugu zake walimwambia upofu wa binti ni mkosi wa ukoo, aachwe nyumbani. Yeye alimleta shuleni kwa baiskeli, kwenye keria, na katika hilo nitamheshimu daima. Lakini baada ya safari yetu ya kwa kuku, alikuja shuleni akakaa kwenye benchi, fimbo yake katikati ya magoti.

"Mwangaluka, mayu," akanisalimu kwa Kisukuma, yaani umeamkaje, mama.

"Mwangaluka, mzee."

"Mayu, ulisema binti yangu atafanya kazi ya ofisini. Kijiji kizima nimekiambia. Kazi iko wapi?"

Nikamweleza habari za mashirika na mitambo mipya. Akasikiliza kwa adabu.

"Mimi sijui mitambo," akasema. "Msimu huu wa pamba ukifungwa bila kazi, namchukua. Kuna watoto wa kaka zake wa kulea na karanga za kubangua. Nyuma ya nyumba hakuna anayemuuliza cheti."

Hakusema kwa ubaya. Kabula alikuwa amesimama mlangoni anasikia. Alikuwa na miaka ishirini na mmoja. Nyuma ya nyumba alikujua vizuri, huko ndiko alikokaa hadi alipoletwa shule.

Basi nikaanza kuzunguka na baiskeli. Kulikuwa na kampuni mpya iliyochukua kiwanda cha kuchambua pamba nje kidogo ya mji. Walitaka mtu wa kupokea simu, kukaa kwenye ile redio ya upepo ya kuzungumza na magulio ya kununulia pamba, na kupiga taipu. Nikaona Mungu amenifungulia. Nikampeleka Kabula kwa meneja. Bwana Masunga, ndilo jina lake, alikuwa amepunguzwa ushirika kabla ya kuajiriwa pale, hivyo alikuwa na haraka na uso wa mtu asiyetaka kupunguzwa mara ya pili.

Sikilizeni sasa nilivyoharibu.

"Jina lako nani?" Masunga akamuuliza Kabula.

"Anaitwa Kabula," nikasema.

"Umesoma hadi wapi?"

"Kidato cha nne, na mafunzo ya opereta miaka miwili, na taipu anaijua."

"Unakaa wapi?"

"Somanda, kwa shangazi yake."

Masunga akaweka kalamu mezani. "Mwalimu, samahani. Namwajiri nani, wewe au yeye?"

Nikacheka, nikidhani ni utani. Hakucheka.

"Kama ni wewe, una kazi tayari. Kama ni yeye, sijamsikia bado. Na kesho asubuhi atafikaje hapa? Utamleta wewe? Na kesho kutwa?"

Kabula akafungua mdomo, lakini Masunga alikuwa ameshasimama. Kulikuwa na lori getini.

Tukaanza kurudi. Karibu na mashine ya kusaga Kabula akasema, "Mwalimu, nikueleze jambo bila kukukosea adabu?"

"Sema, mwanangu."

"Jina langu nalijua."

Sikulala vizuri, lakini hayo si habari. Habari ni kwamba alfajiri alikwenda kwa Nkwabi, si kwangu, akamwambia, "Mwalimu, nifundishe njia ya kiwandani." Kwa siku tatu watu wa Somanda waliwaona wawili wasioona wakienda na kurudi, wakidhani wanamtafuta mganga. Nkwabi alimwonyesha jinsi ya kuipanga njia kichwani kwa vitu visivyohama. Mashine ya kusaga inanguruma kushoto. Mteremko, kisha mtaro, hapo fimbo ipige upande wa kulia. Halafu harufu ya mbegu za pamba, na kutoka hapo unafuata ukuta. Muuza chapati usimweke kwenye ramani, maana kesho anaugua. Siku tatu. Mimi nilikuwa na miaka miwili, nikaitumia kwenye misumari na kamba za viatu.

Siku ya nne akaenda peke yake. Alianguka mara moja, akafika na vumbi kwenye sketi. Alivyonieleza, Masunga alimkuta amesimama mlangoni pake.

"Mwalimu wako yuko wapi?"

"Yuko darasani, anafundisha. Mimi naitwa Kabula Sita. Nimekuja kuomba kazi uliyosahau kuniuliza."

Akampa wiki mbili za majaribio.

Hapo ningepaswa kukaa nyumbani nishukuru. Sikukaa. Kila alasiri baada ya vipindi niliendesha baiskeli hadi kiwandani, nikajificha nyuma ya marobota ya pamba karibu na dirisha la ofisi, kuona kama hajaonewa. Hivyo naweza kuwasimulia kwa macho yangu.

Ujumbe wa redio aliuandika kwa kibao cha nukta nundu na kalamu yake yenye ncha kama ya sindano, tik tik tik, mkono ukienda kutoka kulia kwenda kushoto. Karani wa stoo, Doto, mtu wa maneno mengi, aliuliza, "Dada, bisi zitaiva lini? Tumeshika sahani." Kabula hakuacha kuandika. "Zikiiva utasikia harufu, Doto. Ila nasikia wewe hujaoga tangu lori la kwanza, sijui kama utatofautisha." Ofisi nzima ikaangua kicheko, na Doto tangu siku hiyo akawa rafiki yake. Maneno kama hayo sikumfundisha mimi. Alijifunza bwenini, mahali ambapo sisi walimu hatuingii.

Kisha ikaja Ijumaa ya wiki ya pili. Kila Ijumaa ripoti ya magulio yote ilipelekwa makao makuu Mwanza na gari la saa kumi. Kabula alisoma nukta zake kwa kidole cha kushoto, akapiga taipu kurasa tatu, bila kusita, akazipanga vizuri, akampelekea meneja. Nilikuwa dirishani, nyuma ya robota, najisikia kama mzazi kanisani.

Masunga akageuza karatasi ya kwanza. Ya pili. Ya tatu.

"Hii ni nini?"

"Ripoti ya magulio, meneja."

"Ripoti iko wapi? Hizi karatasi ni nyeupe."

Nyeupe kabisa. Mlikwishaona taipureta ninyi, au mmeikuta makumbusho? Pembeni ilikuwa na kitufe kidogo cha kuchagua rangi ya utepe. Ukikisogeza hadi mwisho, utepe hauinuki kabisa, na herufi zinapiga bila wino. Hiyo ilikuwa ya kukatia stensili, ile karatasi ya nta ya kurudufia nakala. Jana yake mtu alikata stensili ya tangazo, akaacha kitufe pale pale. Mwenye macho angeona kwenye herufi ya kwanza. Asiyeona anasikia sauti ileile, kengele ileile mwisho wa mstari, na anaendelea.

Lakini kitufe kile kinashikika! Dole gumba linakisoma bila shida. Kwa nini Kabula hakukikagua? Kwa sababu kila asubuhi, kwa miaka miwili, mimi nilifika darasani kabla yake, nikatazama utepe, nikaweka kitufe mahali pake, nikapangusa vumbi, nikamwambia, "Haya, tayari." Hata siku moja hakujua kwamba kuna kitu cha kukagua. Nilidhani namsaidia. Nilikuwa namwandalia ile Ijumaa.

"Gari linaondoka saa kumi," Masunga alikuwa anasema, na sauti yake ilikuwa imeshuka, jambo lililonitisha zaidi. "Niwapelekee Mwanza karatasi nyeupe? Wataniuliza nimeajiri nani."

Nikatoka nyuma ya robota. Nilitaka kuingia, nieleze habari za kitufe, niseme kosa ni langu, nimwombe. Nikashika baiskeli, mnyororo ukalia.

Kabula akageuza uso kuelekea dirishani. "Mwalimu," akasema, "usiingie."

Watu wote wakatazama dirishani. Nilisimama pale na baiskeli yangu kama mwizi wa mihogo.

Kisha akamwambia Masunga, "Meneja, maneno yote ninayo. Karatasi ndizo hazina. Kaa uandike, mimi nisome, au Doto akae kwenye mashine. Lagangabilili: magunia yamejaa, lori halijafika tangu juzi, wanaogopa mvua. Lamadi: mizani imeharibika, wanaomba fundi, na karani wao amelazwa..."

Kidole kinatembea juu ya karatasi, neno halipotei. Masunga akavuta kiti, akakaa, akaandika. Gulio baada ya gulio. Alipouliza, "Lamadi walisema lini?" Kabula akamjibu siku na saa. Ripoti ile iliondoka na gari la saa kumi ikiwa kwa mwandiko wa meneja.

Alipomaliza akasema, "Jumatatu uje. Lakini karatasi nyeupe sitaki kuziona tena."

"Hutaziona," Kabula akasema.

Hakuja kwangu kuuliza afanye nini. Alikwenda tena kwa Nkwabi, na Nkwabi akampa dawa ya maneno machache: kagua kitufe kwa dole gumba kabla hujaweka karatasi, piga mstari mmoja, mwite yeyote aliye karibu, hata mpakiaji, umwambie, "Nisomee hapa." Mstari mmoja tu, halafu mwache aende zake. Kumwomba mtu jambo dogo, kwa wakati wake, bila kujikunja na bila kumganda, huo nao ni ufundi wa kazi, kama taipu ilivyo ufundi. Hakuna somo lake kwenye muhtasari hata leo. Nimeuliza. Nikaambiwa pendekezo langu limepokelewa.

Ninyi leo mna simu zinazosoma kwa sauti, na mnaniambia mambo yamekuwa rahisi. Sawa. Juzi nilitembelea shule moja nikamkuta mwalimu kijana anawawekea wanafunzi wake simu chaji, anawafungulia programu, anarekebisha sauti, anawagawia, "Haya, tayari." Nilitoka nje nikakaa kwenye tofali. Mwalimu akanifuata, "Bibi, unaumwa?" Nikamwambia, "Ndiyo, kwa miaka thelathini."

Kabula alimaliza majaribio, akafanya msimu wote. Mzee Sita alikuja mwisho wa msimu kama alivyoahidi, akamkuta binti yake kwenye redio anamfokea karani wa gulio kwa Kiswahili cha ofisini. Kutoka pale akapitia shuleni. Kisha akaniambia, "Mayu, huyu haendi kubangua karanga. Angewabangua wale watoto." Akapanda baiskeli akarudi bila yeye.

Masunga akataka kumfanya mwajiriwa wa kudumu. Aliandika barua mwenyewe. Makao makuu wakajibu kwamba hakuna tatizo, ajaze fomu ya afya kama wafanyakazi wote. Safari hii nilimsindikiza Kabula hospitali kwa kuwa aliniomba, nami nikakaa benchi la nje nimefunga mdomo. Mlango ulikuwa wazi.

"Soma herufi zile ukutani," daktari akasema, bila kuinua kichwa.

"Daktari, ukuta uko upande gani?"

Daktari akainua kichwa. Wakacheka wote wawili, kisha daktari akaacha kucheka, akaitazama fomu. Kulikuwa na mstari wa macho, na chini kabisa swali: anafaa kwa kazi, ndiyo au hapana.

"Unafanya kazi gani?"

"Simu, redio na taipu. Huu ni mwisho wa msimu wangu wa kwanza."

"Na umeimudu?"

"Muulize meneja. Au niulize mimi, niko hapa."

Kwenye mstari wa macho daktari akaandika *haoni*. Chini akaweka alama kwenye *ndiyo*. Akagonga muhuri, na Masunga akaituma Mwanza na gari la Ijumaa, ndani ya bahasha moja na ripoti.

Mwanza hawakukataa. Hawakukubali pia. Waliandika kwamba fomu ina majibu mawili yasiyopatana na wataomba mwongozo; wakati wakisubiri, Kabula aendelee kama kibarua wa msimu. Masunga aliandika mara tatu, kisha yeye mwenyewe akapunguzwa. Kiwanda kimebadili wamiliki mara mbili. Redio ya upepo iliondolewa, zikaja simu za mkononi, zikaja kompyuta, na kila chombo kipya Kabula amejifunza, na makarani wapya wanaletwa kwake awafundishe kuzungumza na magulio. Msimu ukifungwa anaachishwa. Msimu ukifunguliwa anaitwa, anajaza karatasi za mtu mpya, jina, umri, uzoefu wa kazi.

Mwezi uliopita alikwenda kuulizia ile fomu, peke yake, kwa sababu umri wa kustaafu unamkaribia na hajawahi kuajiriwa. Ofisi ya kiwanda hapa Bariadi walimwambia mafaili ya wakati ule yako Mwanza. Alipopiga simu Mwanza, wakamwambia yalirudishwa Bariadi.